Onyo kwa Kiingereza, kosa kwa Kiswahili

Ofisi nyingi za Dar es Salaam hufanya kazi kwa Kiswahili mpaka mtu akosee. Asubuhi watu wanasalimiana kwa Kiswahili, mzigo unapokelewa kwa Kiswahili, mteja anabembelezwa kwa Kiswahili, bosi anaagiza kwa Kiswahili. Hata kosa lenyewe hutendeka kwa Kiswahili: mtu kaambiwa "hesabu hizo boksi kabla gari halijatoka", hakuhesabu, gari likatoka. Kesho yake inakuja barua. Barua ni ya Kiingereza, na ndani yake mna maneno ambayo mpokeaji hajawahi kuyasikia kinywani mwa mtu yeyote katika jengo lile.

Msamiati wa Kiingereza wa kukosoa na kuonyesha kutoridhika ni mpana, na sina ugomvi nao. Ndio unaonipa riziki: nahariri barua, ripoti na majibu ya ofisi mbalimbali za jiji hili, na sehemu kubwa ya karatasi zinazopita mezani kwangu zinamlaumu mtu fulani kwa jambo fulani. Ninachokipinga ni desturi ya kumlaumu mtu kwa lugha asiyoweza kujitetea kwayo, kisha ukimya wake au kuparaganyika kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Napinga pia namna tunavyofundishana maneno hayo. Tunapeana maana, hatupeani uzito.

Mwaka jana mtunza stoo wa ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere alinijia na barua ya namna hiyo. Boksi kadhaa zilikuwa zimepungua kwenye mzigo uliopelekwa mkoani. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imegongwa muhuri, na sentensi yake kuu ni ile inayozunguka ofisi zote za mjini: "You are hereby required to show cause why disciplinary action should not be taken against you." Yeye alikuwa keshaandika jibu kwa mkono, alitaka nimnyooshee Kiingereza tu. Jibu lilianza hivi: "The cause is that I did not count the boxes because the driver was in a hurry."

Sentensi yake haina kosa la sarufi la kuzungumzia. Shuleni neno "cause" alikutana nalo kwenye historia na baiolojia: visababishi vya vita, visababishi vya malaria. Alipoulizwa "cause" akatoa kisababishi, kama alivyofundishwa. Kumbe barua haikuuliza kosa limesababishwa na nini. Ilimtaka atoe sababu za kwa nini asichukuliwe hatua. Kwa mstari mmoja alikuwa amekiri kosa kwa mwandiko wake mwenyewe, na amemtia dereva lawamani bila kukusudia.

Nikaiweka karatasi pembeni, nikamwambia, "Kaka, hebu nieleze ilikuwaje." Akazungumza bila kupumzika. Siku ile alikuwa peke yake, wakati kwa kawaida stoo ile huwa na watu wawili. Mlinzi wa getini naye huhesabu mzigo na kusaini kabla gari halijatoka. Alishaomba msaidizi, na meseji za maombi hayo bado anazo kwenye simu. Huo wote ni utetezi, na ni utetezi mzuri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwemo kwenye jibu lake, kwa kuwa hakuwa na Kiingereza cha kuvibeba. Barua ya aina hiyo kwa Kiswahili chetu cha ofisini inaitwa barua ya kujieleza, na mtu akitakiwa kujieleza anajua la kufanya tangu utotoni.

Sheria haiko upande wa barua kama ile. Kanuni za Utendaji Bora zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zikatangazwa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka mwajiri anayeitisha kikao cha nidhamu amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa namna na kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaweza kuielewa. Zinampa pia muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida hautakiwi kupungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Nimekutana na maofisa rasilimali watu wanaozijua zile saa 48 kama sala, na hawajawahi kusimama kwenye sehemu inayohusu lugha. Wanahesabu saa za mtu kujiandaa kujibu karatasi ambayo hajaielewa.

Ni kweli kanuni hizo zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini barua za nidhamu hutungwa na mtu mmoja mwenye kompyuta, chumbani kwake, kwa kunakili barua ya mtangulizi wake. Huko mabadiliko ya sheria hayafiki yenyewe.

Tazama neno moja tu kati ya yale yanayonakiliwa. Kanuni zile zinataja makosa yanayoweza kuhalalisha mtu kuachishwa kazi, na miongoni mwake mna "gross negligence" na "gross insubordination". Mzigo wote umebebwa na "gross". Uzembe wa kawaida, kwa kosa la kwanza, huanzia kwenye onyo. Ukitanguliziwa neno hilo, unaweza kumtoa mtu kazini moja kwa moja. Sasa mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam "gross" ameionea wapi? Kwenye slipu ya mshahara, mstari wa juu, kabla ya makato. Anaisoma barua yenye neno linaloweza kumpotezea ajira, na macho yake yanapita juu yake kwa sababu anadhani analijua. Mwambie mtu huyohuyo kwamba anatuhumiwa kwa uzembe uliokithiri, atashtuka papo hapo na kuhoji: uzembe sawa, uliokithiri kwa lipi? Swali hilo ndilo kikao kizima cha nidhamu, na angeliuliza yeye mwenyewe bila wakili.

Wala tusidhani kwamba anayeandika barua analijua vizuri zaidi. Nimeshika onyo la kuchelewa kazini lililoandikwa "gross misconduct" kwa sababu tu barua iliyonakiliwa ilikuwa nayo. Mwandishi hakukusudia kumfukuza mtu. Alitaka barua iwe na sauti nzito. Kiingereza cha namna hii humpa mkubwa pa kujificha: maneno yanatoka kwenye karatasi, hayatoki kwake. Akisema kwa Kiswahili, "Bwana, hapa umeniangusha," inabidi amtazame mwenziwe usoni na awe tayari kusikiliza jibu. Kiswahili cha kiofisi nacho kinajua kujificha, nakubali. "Imebainika kwamba" na "inasikitisha kuona" ni mapazia yaleyale. Tofauti ni kwamba msomaji wetu anaweza kuyafunua. Akiambiwa imebainika, anauliza imebainishwa na nani.

Nirudi kwenye uzito, maana hapa ndipo penye mambo.

Mtu yeyote anayesoma magazeti ya Kiswahili pale Posta au Mwenge anajua, bila kufundishwa, kwamba vitenzi vya kulaumu vina ngazi na vina wenyewe. Waziri anakemea. Mkuu wa mkoa anawajia juu watendaji. Viongozi wa dini wanakemea pia, na yakitokea mauaji wanalaani. Mbunge anahoji, akikaza anambana waziri. Chama cha upinzani kinashutumu. Wananchi wa mtaa usio na maji hawakemei mtu: wanalalamika, wanalia na kero. Wafanyakazi wananung'unika. Mashabiki wa Simba na Yanga wanamponda kocha, na kocha naye anakosoa uamuzi wa refa kwa tahadhari kwa sababu faini ipo. Andika kichwa cha habari kisemacho "Wananchi wamkemea waziri" na kila msomaji atakisoma mara mbili. Hakuna sheria iliyovunjwa, ila mwenye neno amebadilishwa.

Mtaani mambo ni hayohayo kwa maneno mengine. Kumsema mtu ni kitu kimoja, kumsuta ni kingine, na kumsimanga ni balaa, kwa kuwa anayesimanga anakumbusha wema wake na kuugeuza fimbo. Vijana wana kumchana mtu laivu, kumpa makavu, kumtolea uvivu. Mama akimgombeza mtoto hakuna anayeshangaa. Mtoto akimgombeza mama, mtaa mzima unatoka nje. Msamiati huu wote tunao, tunaupima kwa usahihi wa ajabu, na hatukuwahi kukariri orodha.

Kiingereza kina ngazi zake pia, na zimejengwa kwa mantiki hiyohiyo: nani anasema, anamwambia nani, mbele ya nani, na baada ya neno kinafuata nini. "Scold" ni ya mtoto, au ya mtu mzima anayefanywa mtoto. "Reprimand" hutoka kwa mkubwa wa kazi kwenda kwa mdogo na mara nyingi huingia kwenye faili. "Rebuke" ina mamlaka na ina ukali, na husikika zaidi ikisemwa hadharani. "Censure" ni ya chombo: bunge, baraza, chama cha wanataaluma, na kwa kawaida hupigiwa kura. "Criticise" inaweza kwenda juu au chini, ndiyo maana inatumika sana na inauma kidogo. "Complain" kwa kawaida haikemei mtu. Inamwomba mwenye uwezo asikie.

Wenye lugha wenyewe hubishania uzito huo. Mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilipiga kura 67 kwa 22 dhidi ya Seneta Joseph McCarthy. Azimio lililopita lilitumia "condemn" mahali pa "censure", na suala la kama maneno hayo mawili yana uzito sawa likazua mjadala. Katika kumbukumbu za Seneti hatua hiyo inahesabiwa kuwa "censure". Kama maseneta wa Marekani waliweza kukwama kwenye kitenzi, mtunza stoo wa Vingunguti asichekwe. Wanadiplomasia nao wanaishi kwa ngazi hizi. Taarifa za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa hupanda kutoka kuelezea wasiwasi, kwenda wasiwasi mkubwa, kwenda "deplore", kwenda "condemn", hadi kulaani kwa maneno makali kabisa. Nchi hukesha zikivutana ili kitenzi kimoja kishushwe ngazi moja. Watangazaji wetu wa Kiswahili wanaosoma taarifa hizo wanajua kutofautisha lasikitishwa na lalaani, na wanastahili sifa kwa kazi hiyo, maana wakiteleza hapo wamebadilisha msimamo wa Baraza.

Basi tazama tunavyofundishana sisi. Kwenye vikundi vya WhatsApp vya kujifunza Kiingereza zinazunguka picha zenye orodha: maneno kumi badala ya "criticise", na chini yake yamepangwa "condemn", "denounce", "blame", "attack", "scold", "disapprove", yote katika safu moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja na umri mmoja. Mwanafunzi anayakariri. Siku akipata kazi Mikocheni na mzigo wa msambazaji ukachelewa, anaandika barua pepe: "We condemn your delay." Anachotaka kusema ni kwamba hatujafurahishwa. Alichosema ndicho husemwa juu ya mashambulizi ya mabomu. Msambazaji akiwa Mtanzania mwenzake ataelewa kusudio. Akiwa Mwingereza atajibu kwa baridi, na biashara itapoa bila mtu wa huku kujua kilichoipoza.

Kosa la upande wa pili linaumiza zaidi, kwa sababu halionekani. Dada mmoja, ofisa miradi kwenye shirika lenye makao makuu Uingereza, alinionyesha barua pepe ya bosi wake wa kule. Ilisema "I was a bit disappointed" na ripoti yake, kwamba angekuwa ametarajia uchambuzi zaidi, na kwamba sura ya tatu "may need another look". Akasoma "a bit", akaona kidogo. Akasoma "may", akaona hiari. Akarekebisha tahajia, akairudisha. Kiingereza cha Waingereza wengi wa maofisini hukosoa kwa kupunguza: kadiri jambo linavyokuwa zito ndivyo neno linavyozidi kuwa jepesi. Kwa mtu wa kwao ujumbe ule ungesomeka hivi: ripoti haifai, sura ya tatu iandike upya. Mkataba wake ulipofika mwisho haukuongezwa, na sababu aliyopewa ilikuwa kwamba hapokei maoni. Dada yule ana shahada ya pili, na kila neno la barua ile alilijua. Alichokosa hakimo kwenye kamusi, na hakuna mwalimu wake aliyewahi kukigusa.

Mtu wa pwani alipaswa kuwa wa kwanza kuling'amua hilo, kwa sababu sisi nasi tunakosoa kwa mafumbo. Kanga huvaliwa ili jirani asome. "Mdhaniaye ndiye siye" inapita uani asubuhi, na mlengwa anajua kaambiwa yeye. Lakini ufundi huo tunauacha mlangoni tunapoingia kwenye Kiingereza. Tunakisoma Kiingereza kama kitabu cha kanuni, kila neno kwa maana yake ya kwanza, kana kwamba wanaokizungumza hawana mafumbo. Mwalimu wa kidato cha tatu angeweza kulimaliza tatizo hili kwa vipindi viwili: achukue vichwa vya habari vya Kiswahili vyenye kukemea, kulaani, kulalamika na kuponda, awaulize wanafunzi ni nani anaweza kumwambia nani nini, kisha awaletee vitenzi vya Kiingereza na kuwauliza swali lilelile. Wanafunzi wetu wanao utaalamu tayari. Hakuna aliyewaambia kwamba unahamishika.

Neno la lawama likihamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine, au kutoka fani kwenda redioni, linaweza kutikisa taasisi. Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na idhaa ya Kiswahili ya Redio ya Umoja wa Mataifa akiwa New York. Alieleza kwamba ripoti zinapoonyesha ubadhirifu na hatua zisichukuliwe, kwake huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa na Spika Job Ndugai mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Utetezi wake ulikuwa kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika lugha ya ukaguzi.

Alikuwa sahihi kuhusu fani yake. Wakaguzi huandika "weakness" kila siku, hasa kuhusu mifumo ya udhibiti wa ndani, na hakuna mkurugenzi anayelia kwa kuambiwa mfumo wake wa malipo una udhaifu. Ni maelezo, yanafuatwa na pendekezo, na pendekezo linafuatwa na jibu la menejimenti. Lakini wabunge, na wengi wetu tuliosikia, tulilisikia neno kwa masikio ya nyumbani, ambako dhaifu ni mgonjwa, ni mnyonge, ni mtu asiye na lake. Kwa maoni yangu alikuwa na haki kamili ya kulisema, na Bunge lilipaswa kujibu hoja: hatua zilichukuliwa au hazikuchukuliwa? Badala yake taifa likatumia miezi kujadili kama neno lina adabu. Kila mara lawama inapogeuka kuwa mjadala wa adabu ya neno, kilicholaumiwa kinatoka salama.

Na wakaguzi haohao ndio wanaonipa mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Kwa Kiingereza cha ukaguzi "qualified opinion" ni habari mbaya, ingawa kwenye tangazo la ajira "qualified" ni mtu mwenye sifa. Angalia Kiswahili kilivyolimaliza: hati inayoridhisha, hati yenye shaka (hiyo ndiyo "qualified"), hati isiyoridhisha. Mtaani zikawa hati safi na hati chafu. Ripoti ya Mdhibiti ikitoka, mtu anayesubiri daladala Buguruni anaweza kukuambia halmashauri kupata hati yenye shaka ni jambo la kiasi gani, na anaweza kubishana nawe. Lawama ya kitaalamu imefika kwa wananchi ikiwa na uzito wake wote. Aliyesema Kiswahili hakina maneno ya kukosolea rasmi aje aisikilize mijadala hiyo.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na linalostahili kujibiwa kwa heshima, ni kwamba Kiingereza hupoza. Meneja kijana wa miaka thelathini anapaswa kumkosoa dereva mwenye umri wa baba yake. Kwa Kiswahili ataanza na shikamoo, na baada ya shikamoo maneno ya kulaumu hayatoki. Kwa Kiingereza wote wawili ni "you", umri umewekwa kando, kazi inasonga. Naijua hali hiyo na siibezi. Heshima ya umri si kikwazo cha kuondolewa, ni utu wetu.

Lakini tazama ni nani anayepozwa. Meneja amepata nafuu. Dereva amepata barua. Anaisomewa na mwanawe jioni Mbagala, na anachokisikia ni kwamba kijana aliyempa shikamoo asubuhi amemwandikia jioni maneno makali kwa lugha ya watu. Nimewasikia wazee wakilizungumza hili, na kinachowauma ni kwamba hawakuambiwa kwa mdomo. "Angeniita tu," wanasema.

Na kumwita kuna lugha yake. "Mzee wangu, naomba dakika mbili, kuna jambo la kazi." Likafuata jambo lenyewe, kwa tarehe na kwa saa, bila kupamba. Watu wa jiji hili hufanya hivyo kila siku nje ya ofisi. Nilikuwa kwa fundi cherehani Kariakoo, mama mmoja akaja kuchukua gauni. Akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega uliovutwa, akasema: "Fundi, kazi yako naijua. Hii siyo yako." Fundi hakujitetea. Alilichukua gauni, akamwita kijana aliyelishona, wakafumua bega palepale. Mama hakupandisha sauti, hakumtukana, na hakulegeza kitu: alitaja alipopaona pabaya, akalinda jina la fundi, akadai kazi irudiwe. Sijui meneja gani wa jiji hili, mwenye stashahada ya rasilimali watu, anayeweza kuandika onyo zuri kuliko lile.

Kwa hiyo ninaloomba kwa waajiri si kubwa. Kosa lisemwe kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mwenye mamlaka ya kulisema. Likihitaji barua, barua iwe ya Kiswahili: itaje kosa kwa jina lake, siku na mahali lilipotokea, kanuni ya kazi iliyovunjwa, na kama ni uzembe au ni uzembe uliokithiri, tena kwa sababu zilizoandikwa. Imwambie mtu waziwazi kwamba anatakiwa kueleza kwa nini asichukuliwe hatua, kwamba ana muda wa kujiandaa, na kwamba anaweza kuja na mwenzake. Jibu lake lipokelewe kwa Kiswahili bila kuambiwa akalitafsiri. Makao makuu ya nje yakitaka nakala ya Kiingereza, ofisi igharamie tafsiri, na juu ya nakala hiyo iandikwe kwamba ya Kiswahili ndiyo itakayosomwa kwenye kikao, na ndiyo itakayopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, mambo yakifika huko.